Mlango gani wa mahakama? Mwongozo kwa mwenye dai Malindi na Lamu

Katiba ya Kenya ya 2010 imegawa kazi ya kutawala mafungu matatu: Bunge linatunga sheria, Serikali inaitekeleza, na Mahakama inaamua pale watu wanapovutana juu ya sheria hiyo, hata kama mmoja wa wanaovutana ni Serikali yenyewe. Kifungu cha 159 kinasema mamlaka ya mahakama yanatoka kwa wananchi. Cha 160 kinakataza jaji au hakimu kuamrishwa na mtu yeyote. Lakini mahakama haina askari wake, wala haitoki kwenda kutafuta kesi. Inangoja kuletewa, na ukiileta kwenye mlango usio wake itakurudisha hata kama haki yako iko wazi. Kesi nyingi za Pwani hufia hapo, kabla shahidi hata mmoja hajasimama kizimbani.

Kwa hivyo jiulize kwanza: ugomvi huu ni wa nini?

Tuseme ni pesa. Umemuuzia mvuvi mashine ya boti, amelipa nusu, simu hashiki. Deni lisilozidi KSh 1,000,000 ni la Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016. Unaweza kujisimamia bila wakili, kanuni za ushahidi hazibani sana, na kesi inatakiwa kumalizika ndani ya siku 60. Haipokei ugomvi wa ardhi, wa kazi, wala wa kuchafuliwa jina. Tena haipo kila kituo cha mahakama, uliza masjala, yaani ofisi inayopokea kesi. Kama haipo, dai hilohilo linaingia kwa hakimu wa kawaida. Hakimu Mkazi anasikiliza madai hadi milioni 5 na Hakimu Mkuu hadi milioni 20. Juu ya hapo ni Mahakama Kuu.

Ardhi ina mahakama yake, ya Mazingira na Ardhi, ambayo inaketi Malindi, ingawa mahakimu walioidhinishwa pia husikiliza kesi ndogo za ardhi. Kuna mtego hapa. Ikiwa shamba lina hatimiliki na mnagombania mpaka tu, anza kwa Msajili wa Ardhi. Kifungu cha 18 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 kinaizuia mahakama kugusa mpaka huo kabla Msajili hajauamua.

Mfanyakazi wa hoteli aliyeachishwa kazi anakwenda Mahakama ya Uajiri, au kwa hakimu aliyeidhinishwa ikiwa mshahara wake haukuzidi KSh 80,000 kwa mwezi. Asikawie: ana miaka 3 tu.

Kwa Kadhi ndiko watu wanakokosea zaidi, pengine kwa sababu ni mahakama waliyoizoea tangu utotoni. Kifungu cha 170 cha Katiba kinampa Kadhi mambo ya hadhi ya mtu kisheria, ndoa, talaka na mirathi, tena wahusika wote wawe Waislamu na wakubali kusikilizwa naye. Deni la biashara kati ya Waislamu wawili si lake. Kwenye mirathi, beba cheti cha kifo, barua ya chifu, hati za mali, na majina ya warithi wote, pamoja na yule ndugu wa Oman ambaye hamsemezani. Mrithi akiachwa nje, mgao mzima unaweza kufumuliwa baadaye. Madeni ya marehemu hulipwa kabla ya kugawa, na wasia hauvuki theluthi moja. Na kama mtu wa nje anadai kwamba ile nyumba ya mtaa wa Mkomani haikuwa ya marehemu hata kidogo, suala hilo la umiliki huamuliwa na mahakama ya ardhi.

Ugomvi ukiwa na Serikali, usidhani mlango umefungwa. Wakazi wa Lamu walishtaki mwaka wa 2012 kuhusu mradi wa bandari, na 2018 Mahakama Kuu ikaamua haki zao zimevunjwa na wavuvi walipwe fidia ya takriban KSh bilioni 1.76. Mwaka wa 2019 Baraza la Kitaifa la Rufaa za Mazingira lilifuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa Lamu, sababu kubwa ikiwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Hapo ndipo Mahakama inapoonekana kuwa mkono wa tatu wa dola.

Ukishajua mlango, andika barua ya madai. Iwe fupi: “Tarehe 3 Machi nilikuuzia mashine ya boti ya nguvu za farasi 15 kwa KSh 180,000. Umelipa KSh 70,000. Salio ni KSh 110,000. Usipolipa ndani ya siku 14 nitakwenda mahakamani, na gharama zitakuwa juu yako.” Usitukane, usitishie polisi, barua hiyo hakimu ataisoma. Weka nakala na uthibitisho kwamba imemfikia. Taarifa ya M-Pesa ichukue kutoka kwa kampuni yenyewe, si picha ya skrini tu. Mazungumzo ya WhatsApp yachapishe, uambatanishe cheti cha kueleza yametolewa kwenye simu gani na nani.

Unashtaki pale anapoishi mdaiwa au pale jambo lilipotokea. Mtu wa Amu (kisiwa cha Lamu) anayemdai mtu wa Malindi anaweza kulazimika kuvuka. Kesi sasa hufunguliwa kwa mfumo wa mtandaoni wa Mahakama, uliosambazwa nchi nzima Machi 2024. Usiyejua kuutumia, masjala watakuelekeza. Ada hulipwa kwa nambari inayotolewa na mfumo, si mkononi mwa karani. Asiye na uwezo aombe kushtaki kama fukara.

Kisha wito umfikie mdaiwa. Hatua hii inaonekana ndogo lakini ndiyo huvunja hukumu nyingi. Mvuvi wa Kizingitini anaweza kuwa baharini juma zima; asipopatikana, wito hupewa mtu mzima wa familia anayeishi naye. Aliyeupeleka aape kwa hati ya kiapo: saa ngapi, wapi, alimkabidhi nani, alimtambuaje. Hati ikiwa na mapengo, mdaiwa anakuja miezi baadaye, anasema hakupata habari, na hukumu inatenguliwa.

Mbele ya hakimu Kiswahili kinakubalika, kwa hivyo usijilazimishe Kiingereza cha kubahatisha. Sema tarehe, kiasi, karatasi.

Kushinda si kulipwa. Mahakama haikukusanyii pesa. Lazima uombe utekelezaji, ndipo dalali aliyeidhinishwa aende kukamata mali. Nguo, vyombo vya kupikia na vifaa anavyopatia mdaiwa riziki havikamatwi, kwa hivyo usihesabu nyavu zake. Mara nyingi kukubaliana alipe kwa awamu, makubaliano yakaandikwa mahakamani, huleta pesa haraka kuliko dalali.

Hesabu muda pia. Deni la mkataba lina miaka 6, ardhi 12, hasara ya uzembe 3. Mdaiwa akilipa kidogo au akikiri deni kwa maandishi, hesabu ya deni inaanza upya. Rufaa ya madai kutoka kwa hakimu hadi Mahakama Kuu ni siku 30, ya jinai siku 14. Kutoka Madai Madogo unakata rufaa kwa hoja za sheria tu, si kwa kuwa mwamuzi alimwamini mwenzako. Kumlalamikia jaji au hakimu kwa Tume ya Huduma za Mahakama ni kwa mwenendo wake, kama vile kudai rushwa. Hukumu usiyoipenda inapingwa kwa rufaa.