Somo: Kuhama Dar kwenda Tanga bila kuumia

Hili ni somo la mtu aliyechoka na kodi ya Dar na daladala mbili za kwenda kazini, na sasa anautupia macho mkoa. Natumia Tanga kwa sababu ndiko ninakoishi na kushona, baada ya miaka mingi ya Tabata. Kama unawaza Iringa au Singida, mengi yatakufaa vilevile, majina ya mitaa ndiyo yatabadilika.

Nianze na linalowarudisha watu Dar na virago vyao. Mji wa bei nafuu ni nafuu kwa aliyekuja na kipato chake. Anayekuja kukitafuta hukuhuku ataona kila kitu ghali, hata chumba cha elfu thelathini.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya kinachoingia, kabla ya kinachotoka

Watu wengi hulinganisha kodi na kodi, wakafurahi, wakafunga mizigo. Chukua karatasi ufanye hivi. Tuseme Dar unaingiza laki nane kwa mwezi. Kodi 250,000, nauli 80,000, chakula 300,000, umeme na maji 50,000, mengineyo 100,000. Jumla 780,000, umebaki na elfu ishirini. Sasa weka Tanga: kodi 120,000, nauli 20,000, chakula 240,000, umeme na maji 45,000, mengineyo yaleyale 100,000. Jumla 525,000.

Kama ile laki nane unakuja nayo, unabaki na 275,000 na utaniombea dua. Kama kipato kitashuka mpaka laki tano, kila mwezi unapungukiwa 25,000. Maana yake umehamia mji rahisi ukawa na hali mbaya kuliko Dar. Namba hizo ni za mfano tu, weka zako. Ila angalia ni wapi pameshuka: kodi, nauli na chakula. Umeme haushuki, bei yake ni moja nchi nzima. Bando la simu ni lilelile, na sabuni ya kiwandani haijui kama umehama.

Halafu ongeza fungu ambalo karibu kila mtu hulisahau: safari za kurudi. Misiba, harusi, mzazi kulazwa. Dar iko kilomita kama 350, na michango ya magrupu ya WhatsApp haikomi kwa sababu umevuka Wami. Mwaka wa kwanza fungu hili ni kubwa, maana moyo bado uko kule.

Hatua ya 2: Njoo ukae kabla ya kuhama

Usije Idi, usije Krismasi, na usifikie kwa ndugu atakayekuchinjia kuku. Njoo siku za kawaida, panga chumba cha gesti ya bei ndogo, amka asubuhi uishi kama mkazi. Nenda Soko la Mgandini na orodha yako ya Dar mkononi, uandike bei kwa kalamu. Shuka Deep Sea boti za samaki zinapoingia. Panda bajaji mchana, na uulizie shughuli yako: nani anafanya kazi kama yangu hapa, na wateja wake ni akina nani? Kama unaweza, njoo wakati wa masika. Mvua ndiyo itakayokuonyesha mtaa unaojaa maji, na dalali hatakwambia.

Hatua ya 3: Nyumba

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo hela inapopotea.

Mji una sura zake. Raskazone na Bombo ni upande wa uzunguni, miti mikubwa na bahari, na kodi yake inajua hivyo. Ngamiani ni mitaa ya barabara za namba, mtu anakwambia "nakaa barabara ya kumi na mbili" na umefika. Chumbageni ni karibu na mjini. Makorora na Mabawa ni uswahilini, bei za kawaida, majirani wengi. Kange ndiko iliko stendi kuu ya mabasi, na huko nyumba mpya zinaota kila kukicha. Pongwe ni mbali zaidi, kwenye kiwanda cha saruji. Tangu ijulikane kwamba bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Uganda litaishia Chongoleani, kila dalali ana hadithi ya mhandisi aliyepangisha nyumba ya jirani kwa dola. Msikilize, kisha uliza bei kwa mama anayeuza vitumbua mtaa huohuo.

Dalali anachukua kodi ya mwezi mmoja, hapa kama Dar. Hela ya kuonyeshwa nyumba mpe ndogo, tena baada ya kuona, siyo kabla. Wenye nyumba wengi wanaanza na miezi sita. Omba mitatu kwa upole, na mweleze kazi unayofanya. Huku mwenye nyumba anataka kumjua mtu kabla ya kuhesabu noti, kwa hiyo kaa, kunywa chai yake, usiwe na haraka.

Ukishaingia ndani ya nyumba, fungua bomba wewe mwenyewe, tena asubuhi, saa ambayo kila mtu anateka. Tazama mita ya LUKU: ni ya kwako peke yako au mnagawana na wapangaji wengine? Mita ya kuchangia ndiyo ugomvi namba moja wa nyumba za kupanga, yule ana friji, huyu ana balbu moja, na kila mmoja anaona anaonewa. Nunua umeme wa elfu mbili mbele ya mwenye nyumba, usome risiti. Kama mita ina deni la zamani utaliona likikatwa. Kodi ya jengo nayo tangu mwaka 2021 inakatwa humohumo, na ni mzigo wa mwenye nyumba. Elewaneni mapema atakurudishia vipi.

Karibu na bahari kuna jambo jingine: shika nondo za dirisha na bawaba za milango. Upepo wa chumvi unakula chuma kimyakimya. Rangi inakuwa nzima juu, ukibonyeza kwa kidole gumba inaanguka kama ganda la karanga, na ndani ni unga wa kutu. Friji na feni nazo zinaliwa hivyohivyo. Cherehani yangu naipaka mafuta na kuifunika kila jioni, kitu ambacho Tabata sikuwahi kukifikiria.

Mkataba uandikwe, na ushuhudiwe ofisi ya serikali ya mtaa. Hata kama mwenye nyumba ni ustadhi, hata kama ni mzee wa kanisa.

Hatua ya 4: Mizigo

Malori mengi hutoka Tanga yakiwa na mzigo, saruji ya Pongwe au machungwa ya Muheza, na mengine hurudi matupu. Tafuta dereva anayerudi. Ukikodi Canter ya Dar ije Tanga tu, utalipia na kurudi kwake. Jamaa wa machungwa utawapata masoko wanakoshushia, nenda ukaongee nao uso kwa uso, na uwe tayari kusubiri siku yao.

Uza Dar vitu vikubwa vilivyochoka. Kabati la mbao za kubandika halitafika zima, barabara ya Segera italimaliza. Godoro, vyombo, na vifaa vya kazi ndivyo vya kubeba.

Hatua ya 5: Karatasi

Fupi tu. Omba barua ya utambulisho serikali ya mtaa unakotoka, upeleke unakokwenda, na ukajitambulishe kwa mjumbe. Kitambulisho cha NIDA hakibadiliki. TIN nenda TRA ubadilishe mahali pa biashara. Leseni ya biashara iliyotolewa na halmashauri ya Dar haikufuati, utaomba ya Jiji la Tanga. Uhamisho wa mtoto unaanzia kwa mwalimu mkuu wa shule anayotoka, uwe na namba ya PREM ya mtoto, yaani namba yake ya usajili wa mwanafunzi. Taarifa za mpiga kura utazihamisha daftari likiboreshwa.

Hatua ya 6: Kuzoea

Mwendo wa Tanga siyo wa Dar, na usipoukubali utachukia mji bure. Mji ni tambarare, watu wanapanda baiskeli, wazee wanapanda, mabinti wa baibui wanapanda, na hakuna anayekimbizana. Nunua baiskeli wiki ya kwanza. Nauli itakufa kabisa, na utaijua mitaa.

Salamu ndiyo mtaji. Ukipita barazani bila kusalimia, habari itatangulia dukani kwako kabla yako. Ukimwuliza mtu bei kabla ya kumjulia hali, atakujibu, lakini atakutajia ya mgeni.

Kwa mfanyabiashara kazi iko kwenye kukopesha. Mama mmoja aliingia dukani kwangu na vitambaa vya wajukuu wanne, akakaa, akauliza kwetu ni wapi, tukaongea mpaka maji ya chai yakachemka. Alipoinuka akasema, "Mwanangu, wanijua mie ni wa hapahapa. Niandikie, mwezi ukiisha naja." Dar ningecheka. Hapa ukikataa wote utakaa peke yako, na ukikubali wote utafunga duka. Nina daftari, na nina kanuni: kitambaa chako, nusu ya ufundi mkononi, nusu nyingine ukija kuchukua. Wale ambao majirani zangu wawili wa kudumu wanawajua ndio nawaandikia deni, wengine hapana. Mama yule alilipa, tena akaniletea dada zake.

Na shughuli uende. Maulidi, harusi, arobaini, nenda hata kama humjui maiti. Siku ukiumwa ndio utakaowaona mlangoni. Upweke ndio unaowatoa watu hapa kuliko njaa, hasa wale waliokuja wakajifungia na simu wakiangalia Dar inavyoendelea bila wao.

Maswali ya wasomaji

Shikamoo mama. Mimi ni bodaboda Mbagala, mke wangu anauza chakula. Tukija Tanga tutatoboa?

Marahaba baba. Mama ntilie akija na mkono mzuri atakula hapa, ila wapishi wa Tanga siyo wa kuchezea, asije na wali mkavu. Wewe wa boda ndiye ninayekuonea shaka. Safari za hapa ni fupi, na mji una baiskeli. Mtangulize mkeo ajaribu, wewe baki ukiingiza huko mpaka chakula kisimame.

Dada, nafanya kazi za usanifu mtandaoni, wateja wangu wako nje. Intaneti vipi?

Wewe ndiye niliyekuandikia somo hili. Kipato chako kinakaa kwenye begi. Mtandao wa simu mjini unafanya kazi vizuri, ila kabla ya kulipa kodi simama ndani ya chumba chenyewe, funga mlango, na upige simu ya video na laini zako zote. Kuna nyumba ambazo kuta zake zinazima mawimbi. Umeme hukatika kama kwingine, kwa hiyo betri ya akiba iwe kwenye bajeti.

Mwanangu mwakani ana mtihani wa taifa. Nimhamishe sasa au nisubiri?

Mwaka wa mtihani usimguse, akishasajiliwa kituo cha mtihani kumhamisha ni usumbufu, na yeye mwenyewe anavurugika. Mhamishe sasa apate mwaka mzima wa kuzoea, au amalize ndipo mhame. Kwa sekondari utasikia majina ya Usagara, Galanos na Tanga School, shule iliyoanzishwa enzi za Wajerumani. Majina yasikuzuzue, kaulize nafasi.

Kwa nini usiwashauri watu Morogoro au Dodoma? Treni ipo siku hizi.

Ni kweli, treni ya SGR ilipoanza kubeba abiria mwaka 2024 ilibadilisha hesabu. Kama kazi yako inakutaka Dar kila wiki, Morogoro inakufaa kuliko Tanga, sibishani. Dodoma siiiti ya bei nafuu. Tangu serikali ilipoanza kuhamia kwa kishindo baada ya 2016, nyumba zinagombewa na watumishi, na wewe wa kujiajiri unashindana na mshahara wa serikali.

Mama yangu ana kisukari na presha, naishi naye. Matibabu yapo?

Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo ipo, kliniki za magonjwa hayo unazipata. Yakizidi, rufaa huenda KCMC Moshi au Muhimbili. Kabla ya kuhama mwombe daktari wake muhtasari wa maandishi na majina ya dawa, uje mwenyewe uulize duka la dawa kama zote zipo. Kama kuna hata moja inayopatikana Dar tu, weka utaratibu wa kutumiwa na basi kabla hujamtoa bibi nyumbani kwake.

Samahani kwa swali hili. Nasikia Tanga mambo ya kurogwa ni mengi, na mwanaume akija harudi.

Hahaha. Nilijua litakuja. Mimi nimekuja na mume wangu, na mpaka leo ananuna nikichelewesha chakula, kwa hiyo dawa hiyo haijamfikia. Wanaume wasiorudi niliowaona mimi walinasa kwa samaki wa nazi na kusalimiwa vizuri mlangoni. Swali lako la kweli liwe kodi: umeshapata nyumba, au bado uko kwa dalali?