Somo: XP imegoma kuwaka? Pima betri ya saa kabla hujapiga windo

Windows XP ilitoka Oktoba 2001, na Microsoft wakaacha kuihudumia tarehe 8 Aprili 2014. Mashine zake hazijaisha. Hapa Mwanza, stesheneri ya Makoroboi au ghala la Igoma unaikuta moja pembeni, kwa sababu printa ya zamani au programu ya hesabu haikubali kwingine. Kwa hiyo kupiga windo upya, yaani kufuta na kusakinisha Windows tena, kuwe jambo la mwisho kabisa. Ukishafuta, draiva ya ile printa (programu inayoiwezesha Windows kuitumia) utaipata wapi, na CD yake ilishapotea? Tena mara nyingi windo yenyewe haina kosa lolote.

Kosa linalopoteza watu zaidi ni hili: mashine inawaka, nembo ya Windows inaonekana kidogo, kisha inatokea skrini ya bluu yenye STOP 0x0000007B, mashine inajizima na kuwaka tena, mzunguko usioisha. Namba hiyo maana yake XP ilianza kupanda, ikafika mahali pa kusoma diski, ikakosa njia. Diski inaweza kuwa nzima kabisa. Mara nyingi tatizo ni betri ya saa kwenye mazabodi (bodi kuu ya mashine): ikishachoka, umeme ukikatika au waya ukichomolewa jioni, bayosi (programu ya mazabodi inayowaka kabla ya Windows) inasahau mipangilio yote na kurudi ya kiwandani. Kwenye mashine nyingi mpangilio wa kiwandani wa diski ni AHCI (njia mpya ya mashine kuongea na diski), na XP haikuja na draiva ya AHCI. Ndiyo maana jana ilifanya kazi na leo imegoma, wala hakuna aliyegusa kitu. Ukiona na tarehe imerudi nyuma miaka, jibu unalo.

1. Zima, chomoa waya ukutani, kisha shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 10 ili umeme uliobaki uishe. Gusa chuma cha kasha kabla ya kugusa chochote ndani.

2. Betri ni kidonge cha CR2032, volti 3. Sukuma kibano chake kwa ncha ya bisibisi bapa, itainuka yenyewe. Weka multimita kwenye DC 20 upime. Mpya inasoma 3 na ushee, ikiwa chini ya 2.7 badilisha. Dukani usikubali kupewa CR2025 eti ni ile ile. Volti ni sawa, lakini unene wake ni milimita 2.5 badala ya 3.2, kwa hiyo inacheza kwenye kikalio na tatizo linarudi. Upande wenye alama ya kujumlisha utazame juu.

3. Ukiwa umeshafungua, chomoa RAM usugue meno yake ya dhahabu kwa kifutio cheupe cha penseli, kisha upanguse kwa kitambaa kikavu. Huku kando ya ziwa unyevu unaacha utando usioonekana kwa macho, na mashine inapiga milio bila kuleta picha. Angalia na feni ya prosesa. Duka likifunguliwa usiku na taa zikiwaka, vijidudu vya ziwani vinavutwa ndani na kushikana na vumbi katikati ya mapezi kama zulia. Zuia feni kwa kidole unapopuliza, isizunguke.

4. Washa huku ukigonga Del au F2 (HP nyingi ni F10). Weka tarehe na saa. Tafuta SATA Mode au SATA Operation, toa AHCI, weka IDE, ile njia ya zamani ambayo XP inaijua. Mashine nyingine zinaiita ATA, Legacy au Compatible. Hifadhi, toka. Kama kosa lilikuwa hilo, XP inapanda hapo hapo na kila faili liko mahali pake.

5. Ukiona "NTLDR is missing", yaani faili linaloanzisha XP halionekani, kwanza chomoa flashi zote. Bayosi iliyosahau mipangilio inaweza kuwa inajaribu kuwaka kupitia flashi. Bado? Ingiza CD ya XP, washa mashine kupitia hiyo CD, bonyeza R, chagua 1, andika nywila ya Administrator (kama haikuwekwa, bonyeza Enter tu). Andika map ujue CD ina herufi gani. Ikiwa ni D:

copy d:\i386\ntldr c:\
copy d:\i386\ntdetect.com c:\
fixboot

Amri ya chkdsk /r, ya kukagua diski, usiiguse kama diski inagonga kwa ndani. Inasoma diski yote kipande kwa kipande, na diski mgonjwa inaweza kufia hapo. Ihamishie kwenye mashine nyingine kwa adapta ya USB, nakili kazi za watu kwanza.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Nansio: Mkuu, XP yangu imekuwa nzito ghafla. Nikinakili faili hata mshale wa mausi unarukaruka. Virusi hakuna.

Jibu: Fungua Device Manager, ingia IDE ATA/ATAPI controllers, Primary IDE Channel, Advanced Settings. Ukikuta PIO badala ya DMA (njia ya haraka ya kuhamisha data bila kuisumbua prosesa), ndiyo hiyo. XP ikipata makosa sita ya kusoma diski inashuka hatua kwa hatua hadi PIO, ambapo prosesa inabeba data yote yenyewe, na haipandi tena. Futa hiyo Primary IDE Channel kwa Uninstall, washa upya, itajitambua. Halafu badilisha waya wa diski, uwe wa nyaya 80 na usizidi sentimita 45. Ikishuka tena na waya mpya, diski inakwenda, nakili mapema.

Mwanachama wa Nyegezi: Flashi ya GB 64 XP inataka kuifomati, ila kwenye laptopu inafunguka. Niifomati?

Jibu: Hapana dada, utapoteza vilivyomo! Hiyo ni exFAT, mpangilio wa faili wa flashi kubwa, na XP haiijui bila nyongeza ya Microsoft iitwayo KB955704. Hamishia vitu kwenye laptopu, kisha fomati kwa NTFS, mpangilio ambao XP inaujua.

Mwanachama wa Kirumba: Folda ya pamoja kati ya XP na Windows 10 haionekani. Kuna fundi anasema tuwashe SMB1.

Jibu: Atakuwa sahihi kwamba itafunguka, maana SMB1 ni njia ya zamani ya Windows ya kushirikisha folda kwenye mtandao, na XP inajua hiyo peke yake. Lakini ni mlango ule ule ambao WannaCry, kirusi kilichofunga faili za watu na kudai pesa, ilioingilia Mei 2017. Kama ni kuchapa tu, hamisha kwa flashi, na XP ichomoe kabisa kwenye intaneti.