Sangara na rapala: angalia maji kabla hujaangalia rangi

Wacha nianze na aibu yangu mwenyewe. Mara ya kwanza nilienda kununua chambo bandia Kampala nilitoka dukani na rapala tisa, nne za pinki inayong'aa, moja ya zambarau na macho makubwa kama ya bundi, na nikajiona fundi kabisa. (Huku kwetu kila chambo bandia tunaita rapala ata kama ni ya kampuni ingine, kama vile kila sabuni ya unga ni omo, kwa hivyo nikisema rapala usifikirie nimelipwa na mtu.) Tukatoka mwalo wa Kigungu pale Entebbe alfajiri, tukakokota chambo nyuma ya boti hadi saa sita mchana, sikupata ata mkia. Mzee mwenye boti alikuwa ananiangalia tu asubuhi yote bila kusema, alafu akachukua moja ya zile pinki akaigeuza geuza akaniuliza, "Kijana, hii ulimnunulia sangara ama ulimnunulia bibi?" Akafungua mkebe wake wa zamani wa siagi, ndani alikuwa na tatu tu, zimekwaruzika mpaka mbao inaonekana. Akafunga moja. Kabla ya saa nane tulikuwa na wawili kwenye boti, mkubwa wa kilo 12 hivi.

Nilirudi nyumbani nikiamini siri ni rangi, kwa sababu yake ilikuwa kijani-kijani na zangu pinki. Ilinichukua muda mrefu sana kuelewa kwamba zile pinki zilikuwa zinaogelea mita moja na nusu chini ya maji na yake ilikuwa inagonga mawe kule mita sita. Sangara hakukataa rangi yangu, hakuiona kabisa.

Kwa hivyo ukinunua, anza na kina. Angalia kale ka plastiki kako mbele chini ya mdomo wa chambo, sisi tunakaita ulimi. Ulimi mfupi uliosimama unaenda juu juu, ulimi mrefu na mpana uliolala mbele unazama sana. Alafu kuna mambo mengine yanayobadilisha kina na yako mkononi mwako: ukiachia kamba ndefu chambo kinashuka zaidi, na kamba nyembamba inakata maji vizuri kuliko nene, ndio maana watu wengi siku hizi wanatumia ile ya kusokotwa badala ya nailoni. Mi naachia kama mita 40 nyuma ya boti, injini inatembea polepole kama mtu anayetembea kwa miguu, na nashika fimbo mkononi nisikie chambo kinavyotetemeka. Kikiacha kutetemeka kimeshika majani, kivute usafishe, usiburute gugu maji nusu saa ukidhani unavua.

Ukubwa ndio wa pili, na hapa uliza sangara wa pale unapovua anakula nini. Kwa ziwa Victoria sangara wadogo wanaanza na vikamba wale (uduvi), alafu mukene (dagaa), alafu nkejje (furu), na mkubwa anakula nkejje, ngege (tilapia), na watoto wake mwenyewe, hana huruma kabisa huyu samaki. Mukene ni kitu cha sentimita 5 hivi, chambo cha ukubwa huo hakiwezi kubeba ndoano ya kumshika sangara wa maana, kwa hivyo tunaiga rangi yake tu na siyo ukubwa. Chambo cha kila siku kwangu ni sentimita 10 mpaka 14. Ukitaka jitu lenyewe nenda 18, lakini ujue utakaa masaa mengi bila kuguswa. Umbo pia liangalie, nkejje ni mpana kidogo na mfupi, mukene ni mwembamba kama kisu, siku ingine wanataka hiki siku ingine kile na hakuna mtu atakuambia kwa nini.

Sasa rangi, najua ndio mlikuja kusoma. Mwanga ukiingia kwenye maji haufiki wote pamoja, rangi zinamezwa moja moja. Kwa maji safi nyekundu ndio inakufa ya kwanza, ukiizamisha mita kadhaa inaonekana kama kitu cheusi-cheusi, na bluu ndio inafika mbali. Kwa maji yenye mwani kama ghuba zetu za upande wa Kampala, Ggaba, Port Bell, mambo yanageuka: bluu inamezwa mapema, na kinachofika mbali ni kijani na njano. Ndio maana ile rangi ya vesti ya rifulekta ya watu wa boda, njano yenye ukijani, inafanya kazi sana ghubani na mtu wa duka hatakuambia sababu, atakuambia tu "hii inauza". Kuna ile ya mgongo kijani, ubavu njano, mistari myeusi ya kusimama na tumbo la rangi ya chungwa. Ukinunua moja tu maishani nunua hiyo. Ile mistari myeusi ni muhimu kuliko watu wanavyofikiria, kwa sababu ata rangi zikipotea tofauti ya giza na mwanga inabaki, na samaki anaona kitu chenye mbavu kinatembea.

Kuna jaribio la bure, fanya kabla hujafunga chochote. Shika rapala zako mbili tatu kwenye kamba, zishushe kando ya boti upande wenye kivuli, angalia gani inapotea machoni ya kwanza na gani inabaki. Ukiona zote zinapotea kabla ya urefu wa mkono, hayo ni maji ya matope ama ya mwani mzito, chukua rifulekta ama dhahabu ama nyeusi kabisa, na ikiwezekana ile yenye vigololi ndani inayolia kama kayamba. Ukiona unaziona mpaka mita mbili tatu, kama kule nje karibu na visiwa vya Ssese siku ambayo upepo umetulia, weka kelele pembeni, tumia ya rangi ya fedha yenye mgongo wa bluu ama wa kijani nzito, yaani mukene. Ile ya rangi kali kwa maji safi nimeona sangara anaifuata mpaka karibu na boti alafu anageuka, na hiyo inauma kuliko kutoguswa.

Jua likiwaka fedha inarusha mwanga vizuri. Mawingu yakifunika mi nabadilisha dhahabu, sina ushahidi mkubwa, ni mazoea na imenilisha. Jioni jua likizama ndio saa yenyewe ya sangara, macho yake yameumbwa kwa mwanga mdogo, ukimmulika tochi usiku yanawaka. Usiku watu wanadhani lazima kitu cheupe, mi nasema jaribu nyeusi: samaki yuko chini anaangalia juu, anga ata bila mwezi lina mwanga zaidi kidogo kuliko maji, na kitu cheusi kinajikata vizuri pale juu yake. Banange, mara ya kwanza nilifunga nyeusi usiku nilikuwa nacheka mwenyewe, sikucheka muda mrefu.

Kitu kimoja kuhusu maandishi ya kigeni. Mengi ya rangi za chambo tunayosoma yameandikwa na Wamarekani juu ya bass, yule samaki wa mdomo mpana, ambaye kwa jirani zetu Kenya yuko ziwa Naivasha tangu Wazungu wamlete mwisho wa miaka ya 1920. Anafanana na sangara kwa kula, mdomo unafunguka ghafla na samaki mdogo anavutwa ndani pamoja na maji. Watafiti kule Illinois walimjaribu kwa rangi wakakuta nyekundu na kijani anazitambua vizuri, ila nyeusi na bluu nzito zinamchanganya, na ile njano ya rifulekta hawezi kuitofautisha na nyeupe. Hayo ni macho ya bass, usiyahamishe yote kwa sangara, lakini mi yalinifundisha kuacha kununua vitu viwili ambavyo samaki labda anaona ni kimoja.

Pale ambapo hawafanani ni makao. Bass anajificha ndani ya majani na miti iliyozama, na nusu ya ushauri wa Wamarekani ni wa kupitisha chambo katikati ya majani. Sangara hawezi maisha hayo, anahitaji hewa nyingi kwenye maji, na ndani ya mafunjo maji yamelala hayana hewa, ndio maana nkejje wengi walijiokoa humo wakati sangara alipowamaliza kule nje. Kwa hivyo usirushe chambo ndani ya mafunjo, pita ukingo wake wa nje, na zaidi tafuta mawe, ncha za visiwa, na mahali chini panaporomoka ghafla.

Ukienda Murchison Falls ni dunia ingine. Karibu Nile yote inapita kwenye mwanya wa mita 7 hivi alafu inaanguka mita 43, na sangara wa chini ya maporomoko ni wa asili pale, siyo kama wa Victoria aliyeletwa na watu miaka ya 1950 na 1960. Maji yana povu na kelele na mara nyingi yamechafuka, unarusha kutoka kwenye mawe, na hapo chambo kikubwa cha sentimita 15 na zaidi chenye mwili mzito ndicho kinaweza kushindana na mkondo, chepesi kitarudishwa miguuni kwako. Rangi ya dhahabu na ile ya mistari ndizo naziamini pale. Kuna samaki taiga pia, meno yake yako nje kama misumari, anakata nailoni kama mkasi, kwa hivyo weka kipande cha waya mbele. Kibali cha kuvua unachukua kwa watu wa hifadhi, UWA (mamlaka ya wanyamapori ya Uganda), samaki anarudishwa majini, na mamba wapo. Usisimame ukingoni umeinama kufungua ndoano, mwachie ranja aangalie maji wakati wewe unaangalia samaki.

Ndoano zinazokuja na chambo, hizi za meno matatu, nyingi ni za samaki wadogo. Sangara wa kilo 20 akitingisha kichwa mara mbili zinanyooka kama pini. Zitoe, weka nene zaidi pamoja na vile vipete vinavyozishika, lakini usizidishe uzito, kwa sababu chambo kitaanza kuogelea kama mlevi. Ukimaliza kubadilisha kijaribu kando ya boti, kikitembea kimelala ubavu umezidisha. Mbele ya kamba kuu weka mita moja na nusu ya nailoni nene, ya ratili 80 ama 100, maana mdomo wa sangara ni msasa na kile kifuniko cha shavu kinakata.

Alafu rangi unaweza kuitengeneza mwenyewe, usilie bei. Zile pinki zangu nne hazikutupwa. Nilichukua rangi ya kucha ya dada yangu, nyeusi, nikapiga mistari sita ya kusimama kila ubavu, mgongoni nikapaka kijani, nikaacha tumbo na pinki yake, nikamalizia na ile ya kucha isiyo na rangi juu ili isibanduke. Mbili kati ya hizo bado zinavua mpaka leo. Kalamu ya maka isiyofutika pia inafanya kazi ukiwa ziwani na maji yamebadilika, chora mistari, puliza ikauke, funga. Na kijiko cha chai kilichokatwa mkono, kikatobolewa pande mbili na kutiwa ndoano na kipete, kinavua sangara mdogo wa kukaanga bila matatizo. Mdogo nasema lakini pima, wa chini ya sentimita 50 sheria inasema arudi majini, na kama huna leseni usiingie ziwani ukisema uliambiwa na mimi.

Nikikusanya sanduku langu la leo lina tano: ya mistari ya kijani-njano inayozama sana, ile ile isiyozama sana, fedha yenye mgongo wa bluu, dhahabu, na nyeusi. Kuna na samaki wa mpira wawili wenye kichwa cha risasi, weupe na kahawia, wa kudondosha kwenye mawe boti ikiwa imesimama, na ndio natumia sangara wakilala chini hawataki kukimbiza kitu. Hao wa mpira waweke kwenye kaveera (mfuko wa plastiki) yao peke yao. Ukiwachanganya na zile ngumu, jua la Entebbe likipiga sanduku siku mbili tu mpira unayeyusha rangi, na utakuta rapala yako ya bei imeshikana na samaki wa mpira kama chapati mbili zilizosahauliwa.