Jinsi ya kuwafuata wakimbizi wa Troy katika Aeneid

Msomaji mpya wa Aeneid, utenzi wa Virgil, mshairi wa Roma ya kale, wenye vitabu 12, mimi humshauri aanze na kitabu cha 3. Chukua ramani ya Mediterania na penseli. Kila Aeneas, kiongozi wa wakimbizi wa Troy, mji ulioteketezwa na Wagiriki, anapotia nanga, jiulize: kwa nini hapa hapakuwa kwao? Thrace wanaondoshwa na damu inayochuruzika kwenye vichaka juu ya kaburi la Polydorus, mwana wa mfalme wa Troy aliyeuawa huko. Krete wanaanza kujenga mji, tauni inawatoa.

Buthrotum usipite haraka. Hapo Andromache, mjane wa Hector shujaa wa Troy, anaishi katika Troy ndogo ya kuiga, yenye kijito kikavu kilichopewa jina la Xanthus, mto wa Troy. Soma kwa sauti, polepole. Kwangu, hakuna mahali utenzi huu unapouma kama hapa: amepata makao, na bado analilia kaburi tupu la mumewe.

Kisha ruka hadi cha 5, Sisilia, wanawake waliochoshwa na bahari wanapochoma merikebu. Usiwahukumu upesi, waliochoka wanajengewa mji huko huko. Ukifika cha 7, kwenye mto Tiber huko Italia, geuza swali: wenyeji wa Latium wanapoteza nini? Msikilize Turnus, kiongozi wa wenyeji anayepigana na Aeneas, kwa makini kama unavyomsikiliza Aeneas.