Kuchonga Nguzo Ndogo ya Ujamaa kwa Mkono

Nguzo ya ujamaa ni kinyago cha Kimakonde ambamo watu wengi, waliobebana na kushikana, hutokezwa katika gogo moja lisilo na kiungo hata kimoja. Mtindo huu, ambao Roberto Yakobo Sangwani anatajwa kuwa mwanzilishi wake, huchongwa kwa mpingo. Anayeanza namshauri atumie mwarobaini, kwa kuwa mpingo ni mgumu mno na humaliza makali ya patasi upesi. Nguzo ya watu watatu, yenye urefu wa sentimita 25, inatosha.

Hatua ya kwanza ni kuandaa mti. Usichukue tawi la mviringo lenye moyo katikati, maana mti hupasuka kuelekea moyoni unapokauka. Pasua gogo nene vipande vinne, chukua robo moja, ondoa sehemu ya moyo, kisha paka nta ya mshumaa iliyoyeyushwa kwenye ncha zote mbili na uuweke kivulini. Niliwahi kupuuza nta, na ufa ukapita katikati ya uso wa mama niliyemchonga kwa wiki tatu.

Hatua ya pili, chora kwa chaki pande zote nne. Mtu wa chini awe mpana, magoti yamekunjwa, kwa kuwa yeye ndiye anayewabeba wenzake. Nafasi zitakazotobolewa zitie alama ya msalaba.

Hatua ya tatu, toa umbo kubwa kwa tezo, yaani kishoka ambacho makali yake yamekingama na mpini, kisha ufunge mti kwenye jiliwa, yaani kifaa cha kubania kazi, na uendelee kwa patasi na nyundo ya mti. Patasi ikichana mti badala ya kutoa kipande laini kinachojikunja, geuza upande, kwani unakata kinyume cha nyuzi.

Hatua ya nne ndiyo inayoharibu vinyago vingi: kutoboa. Chimba kutoka pande mbili kidogo kidogo, ukibakiza ukuta wa kama sentimita moja mpaka nyuso na vidole vikamilike, kwa sababu mkono ulioachwa hewani hauna cha kuuegemeza unapogonga patasi jirani yake. Mkono uliolala kukatiza nyuzi huvunjika kwa urahisi. Basi uelekeze juu au chini, na kiganja kikae juu ya bega la mwenzake. Kushikana huko, ambako mtazamaji hudhani kuwa ni maana tu ya kinyago, ndiko pia kunakoupa mti nguvu.

Mwisho, vaa barakoa, kwa kuwa vumbi la miti hii huwasha pua na koo, na upige msasa namba 80, kisha 150, kisha 240. Usoni punguza msasa, usije ukafuta kope ulizozihangaikia. Paka nta ya nyuki kwa kitambaa, iache usiku kucha, halafu sugua mpaka nyuzi za mti zionekane.