Kufufua pikap ya Peugeot 504 nyumbani: kazi yote iko kwa laina

Kama uko na 504 pikap imesimama nyuma ya nyumba, iwe Njoro, Molo ama huko Bungoma, na kila fundi anakuambia toa hiyo injini uweke ya Toyota, ngoja kwanza. Injini ya petroli ya Pijo ni kati ya zile chache mtu anaweza kuovaholi kwake bila kupeleka bloku kuchongwa silinda upya, na hii ni kwa sababu laina zake ni za maji. Silinda haijachimbwa kwa bloku yenyewe, ni bomba nene la chuma linashuka kutoka juu na maji ya redieta yanalizunguka moja kwa moja, kwa hivyo ikichakaa unachomoa hiyo, unaingiza mpya na pistoni yake, na kazi inaendelea hapo hapo kwa uwanja wako.

Kubadilisha injini nako si rahisi vile watu husema. Utatengeneza mauntingi mpya, propela shafti itakatwa ama iongezwe, waya zitafumuliwa, halafu logbook nayo lazima ifuate namba mpya ya injini huko NTSA, ile mamlaka ya kusajili magari. Mimi hiyo pesa ningeweka kwa laina, beringi na gasketi za ile injini gari ilikuja nayo. Hizi pikap zilianza kutengenezwa 1979 na 504 yenyewe ilishinda Safari Rally 1975 na tena 1978, si gari ya kuhurumiwa, ni gari ya kurudishwa kazini.

Kabla hujagusa spana, jua ni injini gani uko nayo. Zile za petroli utakutana nazo sana ni XM7 ya cc 1796, pistoni yake ni milimita 84, na XN1 ya cc 1971, hiyo ni milimita 88. Kutoka nje zinafanana sana na zote mbili pistoni inasafiri milimita 81, kwa hivyo usiende Nakuru mjini ama Kirinyaga Road kule Nairobi ukasema tu "nipee kit ya 504", utarudi na laina za injini ya wenyewe. Pima. Kama yako ni ya dizeli hayo ni mambo mengine, hapa naongea petroli peke yake.

Tuanze na bodi na chasis ingawa roho inataka injini, juu hakuna maana ya kufufua injini halafu ibebwe na chasis imeoza. Ingia chini na bisibisi ngumu na nyundo ndogo, gonga pale springi za nyuma zinashikilia, gonga chini ya keria, gonga sakafu ya kebini upande wa dereva na pale betri inakaa. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti imekufa na bisibisi inaingia. Kutu ya juu juu ni ya waya brashi na praima. Kutu imetoboa inakatwa mpaka ufike chuma kizuri halafu kibati kipya kinaweldiwa, na usikubali panel bita akufunikie shimo na filla, mvua mbili za Aprili na inarudi ikiwa imefura. Chasis ikiwa imepasuka pale springi zinashika hiyo si kazi ya kujifunzia, tafuta welda anajua kazi. Na tanki ya petroli usiiweldi kamwe, hata kama imekaa tupu mwaka mzima, ule mvuke unalipuka na unaua.

Sasa injini. Toa betri, mwaga maji na oil, toa boneti na redieta, andika kila waya kwa masking tepu. Piga picha za simu mingi kuliko unavyodhani utahitaji. Ukiinua injini tumia cheni bloku iliyofungwa kwa kitu cha maana, si tawi la mti wa mparachichi, na gari ikiinuliwa ikae kwa stendi za chuma, jeki ni ya kuinua tu, si ya kukalia chini yake. Vumbi ya klachi na breki za zamani usipulize na mdomo wala kompresa, lining za miaka hiyo zinaweza kuwa na asbesto, lowesha na maji upanguse na kitambaa utupe.

Silinda hedi ni ya aluminiam na hapa ndio watu wengi huharibu kazi mapema. Bolti zikitoka usiinue hedi moja kwa moja kwenda juu, inaweza kuwa imegandana na laina ikazivuta, muhuri wa chini ukafunguka na maji yakaingia sampu, lile bakuli la oil chini ya injini, bila wewe kujua. Itikise kwa upande kwanza mpaka gasketi iachilie, ndio uinue. Na kama mpango wako ni kutengeneza hedi tu na laina bado nzuri, zifunge saa hiyo hiyo na bolti na washa kubwa zikae chini, kisha usizungushe krankshafti hata kidogo hedi ikiwa nje. Laina ikipanda hata kidogo tu, pale chini hapatarudi kuziba vile palikuwa.

Kama unabadilisha zote basi chomoa. Kumbuka silinda namba 1 kwa hii injini ni ile iko karibu na flaiwili, si ile ya mbele karibu na feni, na mpangilio wa kuwaka ni 1-3-4-2. Andika namba kwa kila pistoni na konrodi, ule mkono unaishika pistoni kwa krankshafti, na kepu ya konrodi irudi kwa konrodi yake na upande wake, hizo huwa hazibadilishani.

Ukishatoa laina angalia ndani ya bloku na tochi. Gari ambayo imekunywa maji ya mto na ya borehole miaka yote, utakuta tope ya kahawia imejaa chini, nzito kama uji wa wimbi, na imekuwa mbaya zaidi kule nyuma karibu na flaiwili ambako maji hayazunguki vizuri. Hiyo tope ndio ilikuwa inachemsha gari ukipanda Salgaa na ukalaumu redieta. Toa plagi za bloku, chokora na waya, piga maji ya presha, rudia mpaka maji yatoke yakiwa safi. Halafu uje kwa ile ngazi nyembamba ndani ya bloku mahali laina inakalia. Hapo ndio roho ya hii kazi. Inasafishwa mpaka chuma kionekane kinang'aa mzunguko wote, na unatumia kijiti cha mbao, petroli kidogo na kitambaa, ama sandpepa laini sana kwa kidole, bila grainda na bila bisibisi, juu ukikwaruza hapo umejitengenezea njia ya maji kuingia kwa oil. Chukua muda wako wote hapo, hata kama ni jioni nzima kwa ngazi nne.

Ingiza laina mpya kwanza zikiwa kavu, bila kitu chochote, uone kama inashuka kwa uzito wake na ikikalia inakaa imara haichezi. Kisha weka gasketi zake za chini, bonyeza laina kwa nguvu sawa, na upime imetokeza kiasi gani juu ya uso wa bloku. Rula ya chuma iliyonyooka na fila geji zinaweza kukuonyesha kama kuna shida kubwa lakini dayo geji, ile saa ya kupimia yenye mshale, ndio sahihi, na kuna watu wa leithi pale jua kali watakuazima ama waje wapime kwa pesa kidogo. Laina lazima itokeze kidogo juu ya bloku ndio hedi iifinye, na laina zinazopakana ziwe karibu sana sawa, tunaongea milimita iliyogawanywa mara mia. Kipimo chenyewe chukua kwa manual ya injini yako, usichukue cha jirani. Gasketi za chini zinauzwa kwa unene tofauti tofauti ndio usawazishe, kwa hivyo nunua za ziada kabla hujaanza. Fundi mwenye haraka atakuambia "boss, hiyo iko sawa, hedi itaifinya." Mwambie, "Fundi, tupime tena tu." Laina ikiwa chini kuliko wenzake, gasketi ya hedi hapo itaungua kabla mwaka uishe.

Krankshafti ipeleke machini shopu ipimwe na maikromita, kila jarnali, yaani pale beringi inakalia, kwa sehemu mbili zilizopishana, ndio ujue kama imekuwa yai. Ikiwa nzuri inapolishwa, ikiwa imeisha inasagwa na unanunua beringi za andasaizi, zile nene kidogo zinazolingana na ile imesagwa, usinunue beringi kabla ya kipimo. Hedi nayo iende huko huko, iangaliwe kama imepinda na kama imepasuka kati ya valvu, hasa kama gari iliwahi kuchemka. Kugrainda valvu unaweza mwenyewe na pesti na kile kifimbo cha kunyonya, sugua mpaka uone mzunguko wa kijivu umeshikana bila kukatika, halafu osha pesti yote iishe. Petroli ya risasi, iliyokuwa inakinga siti za valvu, iliisha Kenya mwanzoni mwa 2006, lakini kwa vile hizi hedi za aluminiam siti za valvu ni vyuma vimepachikwa, fundi wa hedi anaweza kubadilisha zilizoisha bila kukuuzia hedi nyingine.

Kurudisha, usafi ndio kila kitu. Osha kila kitu, pitisha waya kwa njia zote za oil za krankshafti, fanyia hii kazi mbali na vumbi ya barabara, Nakuru ikikauka Januari vumbi inaingia hata ndani ya kabati. Pima nafasi ya ringi ndani ya laina kabla hujaivika pistoni, kwa pistoni ya saizi hii karibu milimita 0.35 ni kawaida kama kit haijaandika ingine, na midomo ya ringi tatu isikae mstari mmoja, igawanye mzunguko. Mshale ama herufi AV juu ya pistoni inaangalia mbele upande wa timing cheni. Paka oil kila kitu kinachozunguka, kaza kepu kidogo kidogo na toki renchi, na baada ya kila kepu zungusha kranki kwa mkono. Ikigoma simama hapo hapo utoe ile ya mwisho uangalie, usikaze zingine ukitumaini italegea. Bolti za hedi kaza kwa hatua tatu ukianzia katikati ukienda nje. Valvu zipangie injini ikiwa baridi, inlet milimita 0.10 na egzosti 0.25. Nafasi ya platineti, zile pointi za ndani ya distribyuta, ni milimita 0.40, ya plagi 0.60.

Breki sitasema mengi, mbele ni diski na nyuma ni dramu, gari ikiwa imesimama miaka badilisha raba zote za masta silinda na za silinda za magurudumu pamoja na hozi za raba, hata zile zinaonekana nzuri. Usijaribu barabara kabla hujafanya hivyo.

Siku ya kuwasha, toa plagi zote, jaza oil ya 20W-50, hii injini ya tapeti za zamani inaipenda, na zungusha na starta kwa vipindi vifupi mpaka taa ya oil izime. Ndio urudishe plagi uwashe. Kama umeweka kamshafti ama tapeti mpya usiiache kwa aidoli, ishikilie karibu mizunguko 2000 kila dakika, kwa muda wa dakika ishirini hivi, ukiangalia joto na ukitazama chini kama kuna kitu kinavuja. Maji weka kulanti na maji safi, si ya borehole tena baada ya kazi yote ile ya kuchokora.

Kabureta itakusumbua kidogo kama ilipangwa mahali pa chini. Nakuru tuko karibu mita 1850 na hewa ni nyepesi, kwa hivyo petroli inazidi na plagi zinatoka nyeusi. Ukipanda Timboroa kule juu ya mita 2700 inazidi kabisa, ukishuka Kisumu mita 1100 na kitu inarudi kuwa sawa. Pangia pale unaishi na pale unabeba mzigo sana, jeti ndogo kidogo kama maisha yako ni Molo na Mau Summit, na uangalie plagi baada ya safari yenyewe, si baada ya kusimama kwa trafiki mjini. Rangi ya kahawia ndio unatafuta.

Kilomita za kwanza tembea tupu, Njoro na kurudi, halafu Gilgil, ukibadilisha mwendo, usikanyage sana na pia usiivute gia kubwa ikiwa inalia. Mwaga oil kwa kilomita 500, hata kama inaonekana safi, juu ule unga wa chuma wa ringi mpya uko ndani. Kwa kilomita 1000, injini ikiwa imelala baridi usiku mzima, rudia bolti za hedi, moja baada ya nyingine kwa mpangilio ule ule, unalegeza robo na kuikaza tena kwa kipimo chake, kisha upange valvu upya kwa sababu nafasi zitakuwa zimebadilika. Angalia kile kijiti cha kupima oil kama kuna rangi ya maziwa na maji ya redieta kama yanapungua bila kuvuja nje. Vyote viwili vikiwa sawa, anza na nusu ya mzigo wiki ya kwanza, halafu pakia magunia ya viazi vile ulikuwa unataka.