Tarumbeta ya kale isiyo na vali: pa kuanzia

Naandika kwa mtu anayepiga tayari tarumbeta ya vali (vile vitufe vinavyobadilisha urefu wa bomba), tuseme kwenye bendi ya kanisa, na sasa anataka muziki wa karne ya 17 kwa ala ya enzi hizo.

1. Ala. Nakala nyingi za leo zinafuata kazi za mafundi wa Nuremberg, Ujerumani, hasa ukoo wa Haas. Bomba la tarumbeta ya D linazidi mita 2. La ile uliyoizoea ni kama mita 1.4. Nakala nyingi zina matundu ya kurekebisha sauti, ambayo ni ubunifu wa karne ya 20. Yazibe kwa utepe kwanza. Ukiyategemea mapema, midomo haitajifunza kazi yake.

2. Imba kwanza. Bila vali unabaki na sauti za asili za bomba tu. Ukihesabu kuanzia do ya chini kabisa, sauti ya 2 hadi ya 6 ni d, s, d, m, s. Ya 7 ni ta (ti iliyoshushwa nusu toni) iliyolegea, yaani iko chini kidogo. Ngazi kamili inaanza kwenye ya 8, na huko juu sauti zimebanana kiasi kwamba kosa dogo la mdomo linakupeleka kwa jirani. Usipoisikia noti kichwani, huipati. Aliyelelewa na solfa ya kwaya ameshapiga nusu ya safari.

3. Kaa kwenye sauti za chini. Shikilia sauti ya 3 na ya 4, ndefu, kwa pumzi tulivu. Wengi wanakimbilia juu kwa sababu ndiko kwenye sifa. Wanachoka haraka na sauti inakuwa kali.

4. Sauti korofi. Ya 11 iko karibu katikati ya fa na fe (fa iliyopandishwa nusu toni), nayo ya 13 ni la iliyo chini mno. Piga besi ya do kwenye kinanda, kisha ishushe ya 11 kwa midomo hadi itulie kuwa fa. Halafu ipandishe iwe fe. Zoezi hili lifanye kila siku, kwa muda mfupi.

5. Ulimi. Girolamo Fantini, mpiga tarumbeta wa Italia, katika mwongozo wake wa 1638, anatumia silabi laini kama "le ra" kwenye noti za mbio. Ta-ta-ta iliyo sawasawa kama cherehani haifai hapa. Nasi r ya ulimi tunayo tayari.

6. Pigeni pamoja. Anzeni na tokata, yaani kipande cha ufunguzi, ya *L'Orfeo*, opera ya Monteverdi (Mantova, 1607). Mgeni apewe sehemu ya besi, ambayo ni do tupu, au ya vulgano, ambayo ni so tupu. Mzoefu achukue klarino, sehemu ya juu kabisa. Mkitia viziba sauti, Monteverdi ameagiza ipigwe toni moja juu, kwani kiziba cha mbao cha wakati ule hupandisha tarumbeta kiasi hicho. Wapiga fidla waambiwe kabla ya mazoezi, maana nao watapanda toni moja.